Kimoja Kinachonasa, Tisa Vinavyopotea

Msomee mtu orodha hii ya sokoni mara moja tu, kwa mwendo wa kawaida: nyanya, nyundo, bamia, mchicha, karoti, bilinganya, kabichi, hoho, njegere, matango. Mzungumzishe mambo mengine kwa dakika kumi, kisha mwulize amesikia nini. Atakutajia mboga nne au tano, mpangilio wake ukiwa shaghalabaghala, na pengine ataongeza vitunguu ambavyo hukuvitaja kabisa. Nyundo ni nadra kuikosa.

Kila mwenye kazi ya kusema na watu analijua jambo hili hata kama hajawahi kulisomea. Mhubiri anajua kwamba waumini watarudi nyumbani na kisa kimoja cha ajabu, si na hoja zake saba. Ukiwauliza watu sababu, wengi watajibu kwamba nyundo ilimshtua msikilizaji, akatega sikio, basi ikaingia. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini haliwezi kueleza orodha niliyoiandika hapo juu. Itazame tena: nyundo ni ya pili. Ilipotajwa, msikilizaji alikuwa amesikia nyanya peke yake. Hakujua bado kwamba anasomewa mboga, kwa hiyo hapakuwa na cha kumshtua. Upekee wa nyundo ulizaliwa baadaye, zilipofuata bamia na mchicha na nyinginezo, wakati yenyewe imeshapita.

Aliyepanga jaribio kwa uangalifu wa namna hiyo ni Hedwig von Restorff, mwanamke wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1906, akachapisha matokeo yake mwaka 1933. Alikuwa msaidizi wa Wolfgang Köhler katika Taasisi ya Saikolojia ya Chuo Kikuu cha Berlin, taasisi iliyokuwa ndani ya kasri la zamani la wafalme katikati ya jiji. Watafiti wa pale walishikilia msimamo mmoja mkuu: akili haipokei vitu kimoja kimoja kisha ikavijumlisha, bali hupokea mpangilio mzima, na kila kitu hupata sura yake kutokana na vilivyokizunguka. Mwaka huohuo wa 1933 Wanazi walishika serikali na kuanza kuwafukuza maprofesa Wayahudi. Mnamo Aprili Köhler aliandika gazetini kuupinga ufukuzaji huo, jambo ambalo wachache sana wenye cheo kama chake walithubutu, na mwaka 1935 aliiacha Berlin akahamia Marekani. Taasisi ile ilisambaratika. Von Restorff mwenyewe aliiacha saikolojia, akawa daktari wa tiba, akafariki mwaka 1962. Jina lake limebaki kwa sababu ya makala ile moja.

Limebaki, lakini kwa namna inayonisikitisha, kwa kuwa swali lake limegeuzwa juu chini. Leo anatajwa kama mtu aliyegundua kwamba kitu cha pekee kinakumbukwa. Hilo lilijulikana kabla yake, na yeye hakulifanya kuwa hoja yake kuu. Alichokuwa akikitafuta ni sababu ya vile vingine kusahaulika.

Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha utafiti wake mwaka 1885, wachunguzi wa kumbukumbu walikuwa wakitumia silabi zisizo na maana, herufi tatu tatu zilizounganishwa bila kuunda neno lolote, ili kupima jinsi mtu anavyojifunza kitu ambacho hakijui kabisa. Silabi hizo zilikuwa ngumu mno kushika, na wengi waliona sababu iko wazi: hazina maana. Köhler na von Restorff walishuku kwamba kuna sababu nyingine. Waliona kwamba silabi hizo zina balaa la kufanana. Zikiwekwa nyingi pamoja, alama zake akilini hugandana zikawa bonge moja, na kuitoa moja ndani ya bonge ni kazi ngumu kuliko kuikumbuka silabi yenyewe ilipokuwa peke yake. Ili kulithibitisha hilo ilibidi von Restorff aitoe silabi kwenye kundi lake na kuiweka mahali pasipo na wenzake. Akatengeneza orodha za vitu kumi kumi: silabi moja kati ya namba tisa, na namba moja kati ya silabi tisa. Kitu cha pekee akakiweka mapema, nafasi ya pili au ya tatu. Silabi ileile isiyo na maana, iliyokuwa ikipotea ilipokuwa kati ya silabi nyingine, ilikumbukwa vizuri ilipozungukwa na namba. Namba nayo, ambayo kila mtu anaijua maana yake, ilianza kupotea ilipojaa kwenye orodha. Maana haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni majirani.

Alikuwa pia na orodha ya tatu, na hiyo ndiyo inayosahauliwa na karibu kila anayesimulia kazi yake. Ndani yake kila kitu kilikuwa tofauti na kingine, kwa mfano namba, silabi, rangi, herufi, neno, picha ndogo, kifungo cha nguo, alama ya uandishi, jina la kemikali. Kama kuwa tofauti ndiko kunakokipa kitu nguvu, basi orodha hiyo ingekuwa na vitu kumi vya pekee, na vyote vingenasa. Haikuwa hivyo. Namba iliyokuwa kati ya vitu vya kila aina ilikumbukwa vibaya kuliko namba iliyokuwa peke yake kati ya silabi. Rudi sokoni uone: nyundo, kitabu, bamia, redio, shati, chumvi, ufunguo, kamba, kikombe, mshumaa. Nyundo ni ileile, na inatofautiana na kila jirani yake, lakini sasa haina msaada wowote. Tofauti peke yake haitoshi. Lazima kuwe na vitu vinavyofanana, vishikamane vikawa kitu kimoja, ndipo kile kisicho chao kijitokeze.

Mwanasaikolojia wa Marekani, R. Reed Hunt, aliirudia makala ile mwaka 1995 na kuwakumbusha wenzake kilichokuwa ndani yake hasa. Ninawahimiza wanafunzi waanzie hapo, kwa sababu tofauti iliyomo ni kubwa. Maelezo ya mshtuko yanaiweka kazi yote kwenye dakika ya kusikia. Von Restorff alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika baadaye, mtu anapotafuta. Anapojiuliza „nilisikia nini?“ anashika uzi wa kwanza, „mboga“, na uzi huo unavuta tisa kwa pamoja, zikisukumana mlangoni. Nyundo ina uzi wake, na mwishoni mwa uzi huo hakuna kingine.

Mengi yanaeleweka upya ukilishika hili. Waandishi wa Kirumi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita waliwashauri wasemaji wa hadhara watumie taswira za ajabu ili wakumbuke hotuba zao. Ushauri huo una mpaka, na mwaka 1986 Mark McDaniel na Gilles Einstein waliuonyesha. Sentensi za ajabu, kwa mfano mbwa anayeendesha baiskeli, zilikumbukwa vizuri kuliko za kawaida zilipochanganywa pamoja katika orodha moja. Watu walipopewa sentensi za ajabu tupu, faida ilitoweka. Stephen Schmidt alipata matokeo ya aina hiyohiyo kwa vichekesho mwaka 1994. Anayesimama kituo cha matatu Nairobi analiona jambo hili kwa macho yake: gari lenye michoro ya wanamuziki, taa za rangi na muziki wa kutikisa kifua lilikuwa halisahauliki lilipokuwa moja kwenye njia yake. Sasa yako mengi kwenye foleni moja, na abiria aliyesahau begi lake hawezi kueleza alipanda lipi. Ni hivyohivyo kwa mwanafunzi anayepiga mstari wa rangi chini ya kila sentensi ya daftari lake. Ametumia wino tu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika fani hii ni cha Solomon Shereshevsky, mwandishi wa habari wa Moscow. Mhariri wake alishangaa kwamba hakuwa akiandika chochote anapopewa maelekezo, ilhali aliyakumbuka yote neno kwa neno. Alipelekwa kwa mwanasaikolojia Aleksandr Luria, ambaye alimchunguza kwa karibu miaka thelathini na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1968. Shereshevsky aliweza kushika orodha ndefu kwa kuzigeuza kuwa picha na kuzipanga barabarani: alitembea kichwani mwake kwenye mtaa anaoujua, akikiweka kila kitu mbele ya nyumba fulani, na alipotakiwa kukumbuka alitembea tena akisoma alichokiweka. Mara chache sana aliruka kitu. Luria alipomwuliza kilichotokea, hakusema amesahau. Alisema hakukiona. Penseli aliiweka karibu na uzio, ikachanganyikana na mbao za uzio. Yai aliliweka mbele ya ukuta mweupe, likapotea katika weupe wa ukuta. Kwa hiyo akajifunza kuvipanua vitu na kuviwekea mwanga. Huyu alikuwa mtu mwenye kumbukumbu isiyo ya kawaida hata kidogo, na bado adui yake alikuwa yuleyule aliyemtambua von Restorff: kufanana na kilicho nyuma. Na maisha yake hayakuwa mepesi. Alilalamika kwamba nyuso za watu hubadilika kila wakati, hivi kwamba ilimwia vigumu kuzitambua, kwani kila mwonekano wa uso uleule kwake ulikuwa kitu kipya. Mtu ambaye kila kitu kinamjia kikiwa cha pekee hupata taabu kuona kinachobaki kilekile.

Kuhusu ubongo nitapita haraka, kwa kuwa picha yake bado inachorwa. Mwaka 1984 Demetrios Karis, Monica Fabiani na Emanuel Donchin walipima umeme wa ubongo wa watu wakisoma maneno ambayo mojawapo liliandikwa kwa ukubwa tofauti. Wimbi linaloonekana baada ya kama theluthi ya sekunde, ambalo hujitokeza mtu anapokutana na kitu kisichotarajiwa, lilitabiri ni maneno yapi yatakumbukwa. Lakini lilitabiri vizuri kwa wale waliokuwa wakiyarudiarudia maneno kimoyomoyo. Waliokuwa wakiyaunganisha kwa hadithi walikumbuka mengi zaidi, na kwao neno la pekee halikuwa na faida kubwa, wala wimbi lile halikusema mengi. Baadaye, mwaka 2004, Mark Kishiyama na wenzake waliwachunguza wagonjwa walioumia sehemu za ndani za pembeni mwa ubongo, zile zinazohusika na kumbukumbu mpya, na wakaona kwamba kitu cha pekee hakikuwanufaisha. Hivyo mshtuko upo, na viungo vya kumbukumbu vinahitajika. Sitaki msomaji afikiri ninaukataa mchango wa mshtuko. Ninakataa kuufanya kuwa maelezo yote.

Sasa turudi kwa vile tisa, maana ndiko hasa nilikotaka tufike. Mambo matatu huvipata.

La kwanza, hugandana hadi vikazaa visivyokuwepo. Vile vitunguu vilivyoongezwa kwenye orodha ya mboga si uzembe wa msikilizaji. Mwaka 1995 Henry Roediger na Kathleen McDermott, wakifuata njia iliyofunguliwa na James Deese mwaka 1959, waliwasomea watu orodha za maneno yanayohusiana: kitanda, pumziko, kuamka, uchovu, ndoto, na mengine ya ukoo huo. Neno „usingizi“ halikuwemo. Katika jaribio la kwanza neno la aina hiyo, ambalo halikusomwa kabisa, liliandikwa na wasikilizaji kama mara 40 katika kila 100, na wengi waliapa kwamba wamelisikia. Miaka miwili baadaye Lana Israel na Daniel Schacter waliambatanisha kila neno na picha yake, na makosa hayo yakapungua. Kila neno lilikuwa limepata kitu chake lenyewe, na kilichokuja bila alama kilikataliwa mlangoni.

La pili, kimoja huwanyang'anya majirani. Endel Tulving, mwaka 1969, aliweka jina la mtu mashuhuri katikati ya maneno ya kawaida na kuwataka washiriki walikumbuke hilo kwanza. Walilikumbuka. Lakini orodha iliposomwa harakaharaka, neno lililotangulia jina hilo lilipotea zaidi ya ilivyotarajiwa, kana kwamba jina lilipokuja lilikatiza kazi iliyokuwa haijakamilika. Schmidt aliona hasara ya aina hiyo mwaka 2002 alipoweka picha za watu walio uchi kati ya picha za kawaida. Mwalimu anayefungua kipindi kwa kisa cha kusisimua ajiulize nini kilichokaa pembeni ya kisa hicho. Nimeona wanafunzi wanaokumbuka vizuri mlipuko wa maabara waliofanyiwa na mwalimu wao wa kemia, rangi ya moto na moshi uliofika darini, na hawakumbuki kabisa ni nini kilichochanganywa na nini. Kisa kizuri ni kile ambacho somo lenyewe limo ndani yake, si kando yake.

La tatu ndilo zito, nalo ni hesabu. Akili inapotaka kujua jambo hutokea mara ngapi, haifungui daftari. Inatazama jinsi mifano inavyomjia mtu kwa urahisi. Amos Tversky na Daniel Kahneman walilieleza hili mwaka 1973. Katika jaribio lao mojawapo watu walisikiliza majina 39: 19 ya wanawake maarufu na 20 ya wanaume wasiojulikana sana, au kinyume chake. Walipoulizwa wanawake na wanaume nani walikuwa wengi, wasikilizaji wengi waliitaja jinsia yenye majina maarufu, ambayo kwa kweli ilikuwa na watu wachache. Kilichojitokeza kilihesabiwa kuwa kingi.

Watanzania wengi wanajua walikuwa wapi waliposikia kwamba ndege ya abiria imetumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Watu 19 walipoteza maisha, na msiba ule ulistahili kila chozi. Lakini kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani barabara huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na wengi wao hufa mmoja mmoja: mwendesha bodaboda alfajiri, mtoto anayevuka kwenda shule, mama aliyeshuka daladala upande usio salama. Vifo hivyo vinafanana, na kwa sababu vinafanana vinagandana. Mtu anaogopa ndege na anampandisha mwanawe bodaboda bila kofia ngumu. Simlaumu, kumbukumbu yake imempa hesabu isiyo sahihi, naye ameiamini kama tunavyoiamini sote.

Na hesabu hiyo inapowahusu watu, inakuwa dhuluma. David Hamilton na Robert Gifford, mwaka 1976, waliwapa washiriki sentensi 39 kuhusu watu wa makundi mawili yaliyoitwa A na B tu, bila kabila, bila dini, bila rangi. Kundi A lilikuwa kubwa: sentensi 26, kati yake 18 zikisimulia tendo jema na 8 tendo baya. Kundi B lilikuwa dogo: sentensi 13, 9 njema na 4 mbaya. Piga hesabu mwenyewe. Uwiano ni uleule, 9 kwa 4. Wabaya wa B hawakuzidi wabaya wa A hata kwa punje. Matendo yote mabaya yalikuwa 12, na B lilikuwa na theluthi yake. Washiriki walipoulizwa tendo baya lipi lilifanywa na nani, walilipa kundi B karibu nusu. Kundi adimu lilikutana na tendo adimu, na mkutano huo ukanasa. Katika jaribio la pili watafiti waligeuza mambo, wakafanya matendo mema kuwa adimu, na kundi dogo likapewa sifa ya wema kupita stahili yake. Kwa hiyo si kwamba washiriki walikuwa na chuki. Hawakuwa na sababu ya kuchukia herufi B. Wapo watafiti waliopendekeza maelezo mengine ya matokeo hayo, kwa mfano kwamba kundi lenye mifano michache hukadiriwa vibaya kwa sababu ya uchache wa taarifa tu, na mjadala huo ni wa haki. Matokeo yenyewe yamerudiwa mara nyingi.

Fikiri sasa mtaa wenye kaya mia za wenyeji na kaya tatu za wageni. Mwenyeji akiiba kuku, ni fulani wa fulani ameiba, na baada ya mwaka kisa kimechanganyika na vingine. Mgeni akiiba kuku, „wale watu“ wameiba. Hakuna aliyekaa kupanga uongo. Kila mtu anakumbuka kwa uaminifu, na jumla ya uaminifu huo ni sifa mbaya wasiyostahili watu wa kaya tatu. Rosabeth Moss Kanter alieleza jambo la karibu na hili mwaka 1977, baada ya kuchunguza kampuni moja kubwa ya Marekani, ambamo wanawake wachache walifanya kazi ya mauzo kati ya wanaume wengi. Popote kundi lilipokuwa chini ya kama asilimia 15, kila mmoja wake alitazamwa kuliko wengine, na alichokifanya kilichukuliwa kuwa ndicho wanachokifanya wote wa aina yake. Mhandisi mwanamke aliye peke yake katika ofisi analijua hili bila kusomewa kitabu: kosa lake la mwezi wa tatu bado linatajwa mwezi wa kumi na moja, na makosa manne ya wenzake wa kiume hayana mwenyewe. Ndiyo maana ninaamini kwa dhati kwamba ofisi yoyote inayopima watumishi kwa kile wakubwa wanachokikumbuka mwisho wa mwaka inawadhulumu walio wachache, hata kama wakubwa hao ni waadilifu. Kinachotakiwa ni kumbukumbu ya maandishi inayowekwa kila wiki, kwa kila mtu, iwe kuna jambo au hakuna.

Je, vile tisa vinaweza kuokolewa? Ndiyo, na dawa inatoka ndani ya utafiti uleule. Mwaka 1981 Hunt na Einstein waliwapa watu orodha za maneno na kazi mbili tofauti: kuyapanga kwa makundi, au kulipima kila neno peke yake kwa jinsi linavyopendeza. Maneno yalipokuwa ya mchanganyiko, kuyapanga kulisaidia zaidi, kwa kuwa kulivipa vitu visivyo na uhusiano kitu cha kuviunganisha. Maneno yalipokuwa tayari ya ukoo mmoja, kulipima kila moja ndiko kulikosaidia. Ukoo ulikuwa wazi. Kilichokosekana ni sura ya kila mmoja ndani ya ukoo. Mfugaji wa Kihima huko Ankole, Uganda, hufanya kazi hiyo maisha yake yote. Mgeni anaona kundi la ng'ombe wenye pembe kubwa. Mfugaji ana majina mengi ya rangi na mabaka yao, na akirudi jioni hahitaji kuhesabu ili ajue nani hayupo. Kufanana kwa ng'ombe wale hakukuwa ndani ya ng'ombe.

Mwalimu mwenye darasa la watoto sabini yuko katika hali ya yule mgeni mwanzoni mwa mwaka, na kwa mazoea atawajua watano: wawili watukutu, wawili hodari, na mmoja mwenye ulemavu wa mguu. Hao watano ndio watakaoitwa ubaoni hadi Novemba. Njia ninayowashauri walimu ni rahisi na inachosha: chukua majina kumi kila siku ya shule, na kwa kila jina andika jambo moja ambalo mtoto huyo alifanya au alisema leo na ambalo mwenzake aliyekaa naye hakulifanya. Si „anajitahidi“, kwa kuwa hilo linawafaa sitini. Andika kwamba anaanza kuhesabu kwa kidole gumba, kwamba aliuliza kwa nini mto una kona, kwamba anaandika herufi za jina lake kuanzia mwisho. Katika siku saba za shule darasa lote limepita mkononi mwa mwalimu mara moja. Siku ambayo jina linakaa mbele yake na hana la kuandika, hapo amempata mtoto ambaye kesho inabidi aanze naye.